Mkunga Hufunga Pazia Kwanza

Kila mwisho wa muhula chuo chetu huwapa wanafunzi fomu ya kumtathmini mhadhiri. Maswali ni yaleyale miaka yote: anawahi, anaeleweka, anarudisha kazi, anajali. Wanazungushia namba, moja hadi tano, na chini kabisa kuna mistari mitatu ya maoni. Wengi huiacha mitupu. Wachache huandika "apunguze asaimenti". Mwaka juzi, ndani ya bunda la fomu mia tatu na ushee, moja ilikuwa na mwandiko mdogo wa kalamu ya bluu, umelalia kushoto: "Madam anajua kufundisha ila anatuuliza maswali kama polisi."

Nilicheka. Nikaisoma kwa sauti pale ofisini na mwenzangu akacheka pia, akaanza kuniita Afande. Usiku nikiwa naosha vyombo ile sentensi ikanirudia, na safari hiyo sikucheka.

Iliniuma kwa sababu pale idarani mimi ndiye mtu wa mbinu shirikishi. Nikimwona mhadhiri anasoma slaidi neno kwa neno saa mbili nzima, nasononeka kama mtu anayetazama ugali unasongwa kwa maji ya uvuguvugu. Mimi sisomi slaidi. Natembea katikati ya viti, nauliza, nagawa makundi, nanyoosha kidole: "Wewe wa shati la kijani, unaonaje?" Nilikuwa na hakika kwamba anayewapa wanafunzi nafasi ya kusema ndiye anayewaheshimu, na anayehutubia peke yake anawafanya magunia ya kujazwa pumba. Halafu huyu wa kalamu ya bluu ananiambia polisi.

Ikanibidi nirudi nyuma, kwa watu walionifundisha mimi.

Niliingia chuo kikuu mwaka 2006. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ilikuwa imeanza kazi mwaka mmoja kabla, na sisi watoto wa watumishi wa mishahara midogo tukaanza kumiminika. Kumbi hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Lekcha ya saa moja asubuhi, ukifika saa moja kasoro kumi umechelewa. Utakaa dirishani, au utakalia tofali ambalo kuna mtu aliliingiza tangu mwezi wa kumi na likabaki kuwa mali ya umma.

Kulikuwa na mzee mmoja tuliyempa jina la Njano. Noti zake zilikuwa za karatasi zilizobadilika rangi hadi kufanana na ganda la ndizi mbivu, na tulikuwa na hakika kwamba aliziandika kabla hatujazaliwa. Aliingia, akasalimia, akafunua, akaanza kusoma polepole ili tuandike. Chaki moja, ubao mmoja. Hakuuliza maswali, hakugawa makundi. Kwa kila kigezo cha ufundishaji bora nilichokuja kufundishwa baadaye, Njano alikuwa sifuri.

Lakini siku moja alichelewa dakika kumi na mbili. Alisimama mbele yetu, watu zaidi ya mia tatu, jasho linamtoka, akasema gari lilimharibikia Ubungo na kwamba anatuomba radhi kwa sababu dakika kumi na mbili mara watu mia tatu ni saa sitini, "na mimi sina saa sitini za kuwalipa." Sijawahi kumsikia mtu mwingine akipiga hesabu ya namna hiyo. Majaribio alirudisha wiki ya pili, yamesahihishwa hadi koma, na matokeo aliyabandika kwa namba za usajili tu, bila majina, wakati wengine walikuwa wakibandika majina kamili na alama ubavuni ili nchi nzima ijue nani kapata tatu kati ya ishirini. Na mtu akithubutu kuuliza swali mwishoni, hata liwe la ovyo kiasi gani, alifunga noti, akavua miwani, akasema: "Swali lako lina vichwa viwili." Kisha akajibu vyote viwili. Mara nyingi swali halikuwa hata na kichwa kimoja. Yeye ndiye aliyelipatia vichwa.

Mwingine alikuwa kijana, ametoka kusoma ng'ambo, anavaa jinzi, anatutaka tumwite kwa jina lake la kwanza. Tuliona raha tupu. Alitupanga duara, akaleta mijadala, akatuambia ukumbi ule ni wetu na hakuna jibu lisilofaa. Wiki ya tatu alisimamisha binti mmoja wa mkoani, akamwuliza swali. Binti akaanza kujibu kwa kile tunachokiita Kiingereza cha kuombea maji. Yule bwana akamwacha aende, aende, mpaka alipokwama kabisa, akatugeukia sisi na kuuliza, "Kuna mkalimani humu?" Ukumbi ukapasuka. Nami nilicheka, siwezi kusema sikucheka. Baada ya hapo alikuwa na mtindo wa kusoma kwa sauti asaimenti mbovu kuliko zote, bila jina lakini anamtazama mwenyewe. Akipenda sana kuuliza: "Ulisoma sekondari gani wewe?" Akitajiwa shule ya kata, anatikisa kichwa kwa huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Mwisho wa muhula duara lilikuwa limebaki na watu wanane, wote waliotoka shule za Kiingereza tangu chekechea. Sisi wengine tulikuwa nyuma, tumeinamia madaftari kana kwamba kuna jambo la dharura tunaandika. Naamini wale wanane wangempa tano kwa kila kipengele cha fomu.

Sasa ona nilichofanya nilipopata kazi. Nilichukua njia za yule kijana, zikiwa nzima, nikadhani heshima imo humohumo kama pilipili ndani ya kachumbari. Na Njano nikamwacha na noti zake.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na miaka 29. Walikuwepo wanafunzi waliotoka kazini kuja kujiendeleza, walimu wa shule za msingi wenye familia zao, wengine wana watoto sekondari. Tuna zoezi la kufundishana: mwanafunzi anasimama mbele ya wenzake dakika kumi, anafundisha kana kwamba wao ni darasa la shule, mimi nakaa nyuma na karatasi ya maoni. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mzee mmoja wa miaka 47. Alikuwa amefundisha miaka 22 kabla ya kuja kwetu. Alipanga mezani chupa ya chai, bakuli la bati na mfuniko wa sufuria, vyote vimebebwa kutoka kwake kwenye mfuko wa rambo. Akamimina maji ya moto, akafunika, akaanza kueleza kwa Kiingereza jinsi mvuke unavyopanda na kugeuka matone.

Kwenye dakika ya tatu akaongeza s mahali ambapo s haina kazi. Nikamkatiza kutoka nyuma, kwa sauti ya ucheshi, nikamsahihisha. Akarudia, akakosea tena, nikamsahihisha tena. Wenzake, vijana wa miaka ishirini, wakacheka. Mimi sikucheka, nilitabasamu, ambalo nadhani ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu tabasamu la mwalimu ni kibali. Mzee akafunga chupa ya chai. Alikuwa bado hajaufunua ule mfuniko kutuonyesha matone. Akasema asanteni kwa kunisikiliza, akakaa.

Kesho yake akaja ofisini. Alibisha hodi, akasubiri niseme karibu, akaingia na kofia mkononi. Huyu ni mtu ambaye tungekutana mtaani ningempa shikamoo bila kufikiri, na pale amesimama, mimi nimekaa. Akasema, "Mwalimu, samahani kukusumbua. Nimekuja kuchukua maoni yangu yaliyobaki."

Sikumwelewa. Akafafanua: "Ya Kiingereza nimeyasikia, na ni kweli, kinanisumbua. Nilitaka kujua kuhusu somo lenyewe. Somo lilikuwaje?"

Nikaitazama karatasi yangu ya maoni. Sikuwa nimeandika kitu chochote kuhusu somo. Nilikuwa nimekaa nyuma na kusubiri makosa, kama mtu wa trafiki kwenye kona. Ungeniuliza kilichokuwa mezani siku hiyo ningeshindwa hata kukumbuka. Yule mfuniko niliuona baadaye, kichwani, nikiwa kitandani.

Polisi, basi. Wa kalamu ya bluu hakuwa wa kwanza kusema, yeye aliliandika tu.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Mama yangu ni muuguzi mkunga mstaafu, alifanya kazi zahanati ya kijijini miaka 31. Tulikuwa tumekaa ukumbini tunachambua mchele, nikawa namwelezea habari za wanafunzi wangu wasiopenda kuuliza maswali. Nikamwambia kila wiki ya kwanza ya muhula huwa nawaambia: mficha uchi hazai, kuuliza si ujinga, semeni msiogope.

Mama akatoa jiwe kwenye ungo, akalitazama, akalitupa. "Nyinyi walimu mnaipenda sana hiyo methali," akasema. "Sisi wa leba tunafunga pazia kwanza."

Kisha akanisimulia, nami nilikuwa sijawahi kumsikia akisimulia. Chumba chao cha kujifungulia kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha linalotazama njia ya kwenda kisimani. Pazia hakuna. Alikuwa na kanga mbili kuukuu na misumari minne. Mama mjamzito akiingia, kabla ya kumpima, kabla ya kumwuliza uchungu umeanza saa ngapi, mama yangu anapigilia kanga dirishani. Hata binti wa miaka kumi na saba, mama yangu alimwita "mama" kama mwingine yeyote. Na akasema kulikuwa na wauguzi, hakutaja wa wapi, waliokuwa hodari kuliko yeye kwa mikono lakini wakimfokea mzazi mbele za watu, na kwamba wanawake wa vijiji vile walizalia kwa bibi zao kwa sababu ya mdomo wa muuguzi, si kwa sababu ya umbali. "Mtu hajifichi bure," akasema. "Anajificha kwa sababu kuna anayechungulia."

Hapo ndipo nilipouona mchezo wote. Njano hakutuvua nguo hata siku moja, kwa hiyo hakuhitaji pazia kubwa. Adabu ya kawaida ya mtu mzima ilimtosha. Mhadhiri anayehutubia tu anaweza kuwa na dharau, wapo, lakini njia yake haimpi nafasi nyingi za kuidhihirisha. Ila ukiamua kumsimamisha kijana wa miaka ishirini mbele ya wenzake 400, umwulize jambo asilolijua vizuri, kwa lugha asiyoiamini kinywani mwake, umeshamlaza kwenye kitanda. Kadiri unavyowafanya waseme zaidi ndivyo unavyoshika aibu zao mkononi. Sisi wa mbinu shirikishi tunajisifu kwa kufungua mlango na hatuulizi kama kuna kanga dirishani.

Suala la lugha linahitaji kusemwa wazi. Watoto wetu wengi wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza wanahamishiwa Kiingereza kama mtu anayehamishwa nyumba usiku. Wanafika chuo wakiwa na fikra za mtu mzima na sentensi za mtoto. Nilisoma Kiswahili kama somo langu la pili, na masomo ya Kiswahili yanafundishwa kwa Kiswahili, kama Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilivyofanya miaka ya 1970. Watu walewale niliowaona wamenyamaza saa mbili kwa yule wa jinzi, saa nne kwenye fonolojia, somo la sauti za lugha, walikuwa wanabishana hadi mishipa ya shingo inasimama. Viti ni vilevile, njaa ni ileile. Sasa nani kawaambia wahadhiri kwamba kimya cha asubuhi ni uvivu?

Kwa hiyo nikaanza kupigilia misumari, mmoja baada ya mwingine, na baadhi ilipinda.

Wa kwanza ulikuwa wa kusubiri. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, alirekodi madarasa ya sayansi ya shule za msingi huko kwao na kutoa matokeo yake miaka ya 1970: walimu wakiuliza swali walisubiri kwa wastani sekunde moja hivi, kisha wakarudia swali, au wakajijibu, au wakamhamia mwingine. Wakisubiri tatu na zaidi, majibu yakarefuka na waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Kilichonikamata ni kwamba wale ambao mwalimu aliwaona dhaifu ndio waliopewa muda mfupi zaidi. Nikajipima kwa simu, nikarekodi semina yangu moja. Sekunde moja, mara nyingine hata haifiki. Kwa mtu anayetafsiri kichwani kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, sekunde moja haitoshi hata kupata kiima. Siku hizi nikiuliza nahesabu hadi saba nikiwa nimeshika chupa yangu ya maji kwa mikono miwili, maana mikono ikiwa mitupu inatafuta wa kumnyooshea kidole. Hadi saba ni mbali, jamani. Kwenye nne ukumbi unaanza kukohoa.

Halafu nikaacha kabisa "wewe wa shati la kijani". Nikiuliza, wanageukiana kwanza, wawili wawili, kwa lugha yoyote, dakika mbili. Ukumbi unakuwa kama soko la Kariakoo na mhadhiri wa chumba cha pili ameshakuja kulalamika mara mbili. Lakini anayesimama baada ya hapo anasema "sisi tumeona", na "sisi" ni kanga nzuri sana. Jibu likiwa baya, ni la wawili. Kanuni ya chuo ni Kiingereza, naiheshimu, na mtihani utakuja kwa Kiingereza. Kwa hiyo tukishapata wazo kwa Kiswahili tunalivusha pamoja, naandika ubaoni, wananisahihisha hata mimi. Siku moja walinikuta nimeandika neno vibaya na nikaacha wafurahi kidogo.

Kicheko kilinishinda muda mrefu. Huwezi kuwakataza watu 400 kucheka. Ukikaripia unamwongezea aibu aliyechekwa, maana sasa amesababisha na ugomvi. Nilijaribu mzaha, nilijaribu hotuba ya dakika tano kuhusu utu, ikawa mbaya zaidi. Kinachofanya kazi kwangu ni kitu kidogo: siwatazami wanaocheka. Nabaki namtazama anayesema, usoni, na kutikisa kichwa cha "endelea". Kicheko kisipopata macho ya mwalimu kinakufa chenyewe kama moto wa makaratasi.

Msumari uliopinda ni ule wa "napita". Niliwapa ruhusa: ukiulizwa kwenye semina na huna la kusema, sema napita, hutaulizwa kwa nini. Wiki mbili mambo yakaenda vizuri. Wiki ya tatu vijana wa nyuma wakaugeuza mchezo wa karata, napita, napita, napita, mpaka mmoja akasema "napita, nakula mbili". Nilicheka mwenyewe. Sasa kanuni ni kwamba anayepita leo anaanza wiki ijayo, na swali analipata mapema. Mmoja wao alikuja ofisini kuniambia ile wiki moja ya kujiandaa ndiyo mara ya kwanza amezungumza darasani tangu kidato cha pili. Hii siiweki hapa kama ushahidi wa chochote. Alikuja, akasema, akaondoka.

Mnisamehe nikitoka nje ya njia kidogo, kuna jambo limenikaa kooni. Mhadhiri mwenye somo ambaye kila wiki ni presentesheni. Wiki ya kwanza anagawa mada, grupu la kwanza hadi la kumi na nne, kisha muhula mzima anakaa kiti cha nyuma na simu, wanafunzi wanafundishana wanachokisoma intaneti usiku wa kuamkia siku hiyo. Ukimwuliza, anakujibu kwamba mwanafunzi ndiye kitovu. Mwanasaikolojia Anthony Grasha wa Chuo Kikuu cha Cincinnati aliwahi kuzipanga tabia za wahadhiri katika mafungu matano: mtaalamu, mwenye mamlaka, kielelezo, mwezeshaji na mkabidhi. Tulifanyishwa jaribio lake kwenye mafunzo ya wahadhiri wapya, na wote tukatoka tumefurahi kama watu waliosomewa nyota. Mimi nilikuwa mwezeshaji. Huyu wa presentesheni bila shaka ni mkabidhi. Lakini mkabidhi wa kweli anakabidhi kazi huku akishikilia upande mmoja. Huyu kautua mzigo wote akaenda kunywa maji. Na kuna ndugu yake, "mtu poa": hafundishi wiki tano, anawapa wote alama nzuri, wanampenda sana, na mwaka wa tatu wanakwenda fildi, mazoezi ya kufundisha, hawawezi kuandika andalio la somo. Hawa hawajawahi kumfokea mwanafunzi. Fomu zao ni tano tupu. Mimi ningependelea nifokewe.

Na kuna yasiyohusu ukumbi kabisa. Wanafunzi waliopanga foleni kwenye benchi la korido tangu saa tatu hadi saa tisa, mhadhiri anapita anasema njoo kesho bila kusimama. Kosiweki, yaani alama za kazi za muhula, 40 kwa jumla, inayotolewa siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho, mtu hajui kama anaingia akiwa na thelathini au kumi na moja. Mhadhiri anayekasirika akiitwa Mwalimu badala ya Dokta, katika nchi ambayo rais wake wa kwanza alikuwa na shahada ya M.A. ya Edinburgh ya mwaka 1952 na akaridhika kuitwa Mwalimu hadi kaburini. Ukimaliza hayo ndipo tuzungumze habari za kupanga viti duara.

Yule mzee wa mfuniko nilimwomba arudie somo lake. Sikumwambia mbele ya wenzake kwamba namwomba radhi. Nilifikiri sana juu ya hilo na nikaona kuomba radhi hadharani kungemrudisha jukwaani kwa ajili ya kusafisha roho yangu mimi. Nilimwomba ofisini, nikiwa nimesimama, na nikamwamkia. Aliitikia marahaba kwa sauti ya chini sana, akiangalia mlangoni kama kuna anayesikia. Somo alilirudia kwa kundi la watu kumi na wawili. Alipofunua mfuniko matone yakadondoka mezani, na darasa zima, mabinti na vijana wale wale, likatoa sauti moja ya "aah" ambayo mimi kwa slaidi zangu zote sijawahi kuipata. Nikaandika ukurasa mzima. Kiingereza nilikiweka mstari wa mwisho.

Njano nilikutana naye Desemba iliyopita, msibani. Amestaafu, anatembelea fimbo. Nilimwamkia, nikajitambulisha kwamba nilikuwa mwanafunzi wake na sasa nami nafundisha. Nikamwuliza jambo lililonikaa miaka mingi: mbona hukutuuliza swali hata moja? Alicheka kidogo. Akasema kulikuwa na watu mia tatu na maiki moja iliyokuwa inakoroma, angeuliza wangejibu walewale watano, na wengine wangejiona wajinga mara mbili kwa wiki. "Sikujua njia nyingine," akasema. "Mngekuwa thelathini ningejaribu."

Nikamwambia kwamba majibu yake ya vichwa viwili bado nayatumia. Akafurahi, nikaona. Kisha akanitazama kwa makini, akitafuta, na nikajua anatafuta nini na kwamba hatakipata. Hakunijua. Miaka mitatu nilikaa mbele yake, hakuwahi kusikia sauti yangu. Akaniuliza kwa aibu ya kweli, "Jina limenitoka, mwanangu. Namba yako ya usajili ilikuwa ngapi?"

Nilimtajia. Bado naikumbuka.

Muhula huu wako 380 na kidogo, fomu za tathmini zitakuja mwezi ujao. Ile ya kalamu ya bluu iko kwenye droo, chini ya stepla. Ningeandika zaidi lakini ni saa nne usiku na nimebakiza karatasi 61 za jaribio la kwanza. Niliwaambia Alhamisi.